Gari Linalofungwa Kamba Kama Mbuzi

Jumatatu, 7 Oktoba

Asubuhi: 64.

Hiyo ndiyo namba aliyotaka niandike, basi. Mwanangu Projest amenipa daftari hili na kalamu yenye kofia, akasema, "Mama, wewe ndiye unayeamka wa kwanza. Kabla sijachomoa waya, angalia kwenye kioo cha gari, andika namba." Nikamwambia daftari zima kwa namba moja kwa siku ni kama kuchinja ng'ombe kwa ajili ya supu ya mtu mmoja. Nitaandika na mengine.

Shule sikuenda hata siku moja. Herufi nilizitoa kwenye kitabu cha nyimbo, mwinjilisti akinielekeza kwa kijiti, wakati nangoja kipaimara na tayari nina mimba ya pili. Atakayesoma asinitafutie makosa. Yapo, nami nayajua.

Sasa gari. Projest ni kitinda mimba wangu. Miaka kumi na minane aliendesha malori ya watu kule Mwanza. Kampuni ikafungwa, naye Septemba akarudi hapa Nyabiyonza na gari dogo jeupe lisilo na tangi la mafuta. Halina moshi, halina harufu, haliungurumi. Linakuja nyuma yako kama mchawi. Kuku wangu wawili wamekufa bila kujua kilichowaua. Likirudi jioni linafungwa waya kama mbuzi kwenye kigingi, linakula umeme mpaka alfajiri, saa kumi na mbili nzima, na bado halijashiba. Binadamu anayekula hivyo tungekwisha muuliza anaondoka lini.

Namba ni ya tumbo lake. Mia limeshiba, sifuri limekufa.

Kazi yake ni mkate. Mansoor anaoka Ihanda, Projest anaubeba alfajiri kuupeleka kwenye maduka ya Mabira, huko Kyerwa. Kwenda na kurudi, na milima ile, gari linakula hamsini na kitu. Mansoor amempa mpaka Krismasi. Mkate ukichelewa mara tatu, kazi anapewa mwenye pikipiki. Usipochelewa, Projest anawaleta mkewe Benadeta na watoto wawili, wanahamia kwenye kibanja hiki ambamo baba yake amelala. Ukichelewa, anauza gari anarudi mjini, na safari hiyo najua hatarudi ila kunizika.

Wajukuu wangu nawajua vichwa tu, ndani ya simu. Miguu yao sijaiona.

Ndiyo maana gari hili linanichefua na bado naamka kwenda kuliangalia.

Jumanne, 8 Oktoba

66.

Jumatano, 9 Oktoba

63. Mvua imeanza. Projest aliniletea mkate mmoja uliobaki. Mweupe kama pamba ya zahanati, unaugandamiza unanyanyuka tena. Nimempa mbwa. Mbwa naye aliufikiria kwanza.

Ijumaa, 11 Oktoba

64. Watu wa kanisani walipita kulishika shika. Mmoja akauliza kama linazaa. Nilisema mbele yao wote kwamba siku moja nitalitia moto, wakacheka. Sikuwa natania sana.

Jumatatu, 14 Oktoba

29.

Umeme ulikatika jana saa moja jioni, ukarudi alfajiri wakati jogoo wa pili anawika. Gari lilikuwa limekula kidogo tu. Projest alisimama pale na taulo shingoni, akaitazama ile namba kama mtu aliyeletewa barua ya msiba.

"Linafika?" nikamuuliza.

"Kufika linafika. Kurudi haliwezi."

"Basi lifike, libaki huko huko."

Hakucheka. Akangoja liongeze. Alipoondoka jua limekwisha kunipiga mgongoni, na mkate ulifika Mabira saa nne, watu wamekwisha kunywa chai kwa viazi. Jioni Mansoor alipiga simu, Projest akaiweka tuisikie wote.

"Mama Projest, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Mimi mwanao namheshimu. Lakini mama, mkate wa saa nne ni chakula cha kuku. Hiyo moja."

"Mwambie mwenye umeme."

"Mwenye umeme hanunui mkate kwangu, mama."

Ana maneno matamu ya watu wa pwani, babu yake alitoka huko. Maneno matamu nayo hukata. Moja.

Jumatano, 16 Oktoba

65. Projest amegundua kitu, ati. Kwenye waya wa gari kuna kiboksi cheusi mfano wa tofali, na kiboksi kina kitufe cha namba: sita, nane, kumi. Yeye siku zote huweka kumi. Anasema Jumamosi, kwa kuwa Jumapili hakuna mkate ila unga wa Mansoor wa kubeba mchana, ataweka sita, umeme uingie taratibu, uniti zisipotee.

Nikamwambia, "Umewahi kupika maharage kwa kuni moja?"

Akasema umeme si kuni. Miaka kumi na minane mjini, na hilo ndilo alilorudi nalo.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimeshinda.

Jana saa tisa alasiri aliweka namba sita. Nilisoma uniti kwenye mita kabla, nikazisoma tena leo saa tatu tuliporudi ibadani. Uniti ishirini zimetoka. Tumbo la gari limeongezeka thelathini na tatu. Wiki hii kwa namba kumi, uniti zile zile ishirini zilileta arobaini na mbili. Nilimwekea punje za kahawa mezani, fungu na fungu, kwa sababu mtu mzima akiona kwa macho hawezi kubisha kwa mdomo.

"Zimekwenda wapi?" akauliza.

"Zimekwenda zinakokwenda kuni za mtu anayepika kwa moto mdogo. Chungu kinapashwa, mafiga yanapashwa, ukuta unapashwa, maharage yanabaki mabichi. Gari lako likiwa linakula, si linaamka? Si nasikia kifeni chake kinazunguka? Basi mwenye kuamka naye anakula. Ukilichelewesha saa kumi na nane, unamlisha mpishi saa kumi na nane."

Akatafuta kwenye simu yake. Akasoma muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba ndivyo ilivyo.

Simu imesema ndivyo ilivyo. Mimi nilisema Jumatano.

Jumanne, 22 Oktoba

62.

Projest amemleta Aimable, fundi umeme, kijana mwenye ndevu tatu. Gari linalala kwenye banda kule chini barabarani, kwa sababu njia ya kupandia kwenye nyumba inaishia kwenye jiko langu. Waya unatoka dirishani, unapita kwenye migomba, unashuka mpaka bandani. Aimable aliufuata kwa kuushika kiganjani kama kipofu.

"Bibi, shika hapa."

Nikashika. Vuguvugu, kama maziwa yaliyotoka sasa hivi kwenye kiwele.

"Huo uvuguvugu ndio uniti zako," akasema. "Umeme unatoka kwenye mita una nguvu, unatembea njia ndefu kwenye waya mwembamba, ukifika kwa gari umechoka. Na huku kwenu ni mwisho wa laini, hata mita yenyewe inapokea makombo."

"Kwa hiyo nawapasha joto konokono wa kwenye migomba."

"Ndiyo, bibi."

"Na dawa?"

Dawa ni waya mnene, mfupi, wenye swichi yake na soketi yake nene, na gari lisimame karibu na mita. Mita iko ukuta wa nyuma. Sote watatu tukageuka kutazama kilicho karibu na mita. Jiko langu.

Nikasema hapana.

Jiko lile alilijenga marehemu Rweyemamu kwa mikono yake mwaka tulioingia hapa. Nguzo zake zimekuwa nyeusi zinang'aa kwa moshi wangu. Watoto sita wameogeshwa humo, wawili kati yao sinao. Mume wangu ugonjwa ulipomzidi alikuwa anaomba akae humo, karibu na moto, aniangalie nikimenya ndizi. Nibomoe mahali hapo ili kitu kisicho na damu kipate kushiba?

Aimable alivua kofia kama mtu aliyejikuta msibani. Projest akasema, "Acha, mama. Tutaendelea na waya huu huu."

Hakunisihi. Angenisihi ningemtukana, yakaisha.

Jumatano, 30 Oktoba

64. Mvua, matope, mvua.

Jumamosi, 2 Novemba

63. Projest anakohoa. Nimempa asali na kitunguu, akakunja uso kama mtoto. Umri wake arobaini na moja.

Jumanne, 5 Novemba

65.

Mvua imeingia bandani. Gari limesimama kwenye uji wa udongo, na kile kiboksi kimelala ubavu matopeni, taa zake za kijani zinapepesa kama macho ya mgonjwa. Nilisimama pale na mwavuli nikaona kinyaa. Si kinyaa cha gari. Kinyaa cha nyumba. Kwangu hapa hakijawahi kulala kitu matopeni, hata mbuzi wa kuazima.

Projest alipokuwa barabarani mchana nilichukua mundu, nikakata zile nyasi laini tunazotandaza sebuleni Krismasi na siku wakwe wanapokuja. Nilibeba mizigo mitatu. Nikatandika bandani pote. Kiboksi nikakifanyia kiota, nikakifunika kwa nyasi, na juu yake gome la mgomba lililokauka, matone yasikipate.

Baadaye akaniuliza, "Mama, umelitandikia gari?"

"Nimetandikia miguu yako. Unaniletea matope ndani."

Akaridhika. Yeye huchomoa upande wa gari tu, kiboksi hakigusi. Nisingependa ajue mengine. Nimekwisha kulitukana gari hili mbele za watu wengi mno.

Jumatano, 6 Novemba

47.

Senene wameanguka. Kila nyumba yenye umeme imewasha taa ya kuwavuta. Jirani yangu Anonciata, ng'ambo ya njia, amesimika taa mbili kubwa na mabati marefu, uwanja wake mweupe kama hospitali.

Projest anasema taa ndizo zinazonyonya umeme.

Alhamisi, 7 Novemba

44.

Amekwenda kwa Anonciata. Nilimkataza akaenda, nami nikamfuata mpaka kwenye uzio kwa sababu namjua.

"Mama, shikamoo. Taa zako zinaninyima umeme."

"Marahaba. Kwani umeme umeandikwa jina lako?"

"Nakuomba uzime wiki mbili tu."

"Wiki mbili? Waambie kwanza senene wakusubiri. Walikuwa wanakuja kabla baba yako hajazaliwa."

"Mnaua kazi ya mtu kwa ajili ya panzi."

Wasichana waliokuwa wanachambua wakaacha mikono hewani. Kuwaita senene panzi mbele ya mtu wa huku ni kumvua nguo yeye na mama yake.

"Nenda nyumbani, Projest," akasema. "Nimekubeba mgongoni, ndiyo maana nakwambia nenda tu."

Nimeona aibu. Lakini moyoni nikasema, kweli, kwa nini asizime taa moja?

Jumamosi, 9 Novemba

8.

Niandike vizuri. Jana asubuhi ilikuwa 41. Akaondoka nayo, akasema atashuka milima kwa akili, mteremko humrudishia kidogo. Mkate ulifika. Kurudi, kwenye ule mlima wa mwisho kabla ya Ihanda, gari likapunguza mwendo, likapunguza, likasimama katikati ya barabara bila hata kukohoa. Likakataa. Mvua kichwani. Vijana wa bodaboda wakamzunguka. Mmoja akamuuliza kama amesahau kulinywesha maji. Mwingine akamfungulia boneti akachungulia, akasema, "Mzee, wameiba injini." Wakacheka mpaka wakashika matumbo. Akavutwa na trekta ya mtu mpaka hapa, usiku umekwisha ingia, na leo asubuhi limeamka na nane.

Mansoor amemtuma mtu wa pikipiki. Sehemu ya mkate imelowa, yote imechelewa.

Mbili.

Projest hajala. Alikaa sebuleni na soksi zake zimelowa, akasema hivi, neno kwa neno, "Mama, nilinunua kitu ambacho nyumba yetu haiwezi kukilisha." Nilimvua zile soksi nikaenda kuzianika jikoni.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya ibada nilikwenda bandani kubadilisha nyasi, maana nyasi za siku tano zinanuka. Gari lilikuwa kwenye waya tangu jana. Nikafukua kiota nikitaka kukipa kiboksi nyasi mpya.

Kilikuwa cha moto. Joto lile la tumbo la kuku anayeatamia, ukipenyeza mkono chini yake akakuchukia. Taa za kijani hazipo, taa moja tu ya njano, inapepesa polepole. Nikakitoa, nikakiweka juu ya jiwe, nikachuchumaa mbele yake kama mjinga anayesubiri maji yachemke. Kikapoa. Taa ya njano ikazimika, zile za kijani zikarudi moja baada ya nyingine. Ndani ya gari kifeni kikaongeza sauti.

Hakihitaji kufunikwa. Kinahitaji hewa. Kikishikwa na joto kinajipunguzia chenyewe mlo kisiungue, kama mtu mwenye busara. Mwenye busara pale bandani alikuwa kiboksi.

Nilizibeba nyasi zote nikawatupia mbuzi. Wao wamezila.

Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 11 Novemba

62.

Projest anafurahi. Anasema Anonciata ameona haya akapunguza taa. Nilitazama ng'ambo ya njia. Taa ni zile zile mbili.

Jumanne, 12 Novemba

65. Nimeonja mate yangu siku nzima, yana ladha ya sabuni.

Jumatano, 13 Novemba

64. Kila mwaka senene wakianguka Anonciata huniletea bakuli la kwanza, lililokaangwa kwa chumvi, kabla hajawapa hata watoto wake. Miaka thelathini na sita. Mwaka huu hakuna bakuli.

Ijumaa, 15 Novemba

63. Nimekutana naye kisimani. Aliinama akafunga kamba ya ndoo iliyokwisha fungwa. Mimi, ambaye namwambia mchungaji usoni kwamba mahubiri yake ni marefu, nilipita nikiangalia vidole vya miguu yangu. Gari lilikuwa linanichefua. Sasa nimepata kinachonichefua zaidi, na kinavaa gauni langu.

Jumapili, 17 Novemba

Tulipotoka ibadani nilimwambia Projest, "Usivue viatu. Tunakwenda kwa Anonciata."

"Kufanya nini?"

"Tembea."

Alikuwa uwanjani anang'oa senene mabawa, sinia mapajani. Hakunyanyua kichwa. Niliogopa nikikaa nitaanza na habari za mvua, nikasema nimesimama.

"Anonciata, taa zako hazina kosa. Kosa ni nyasi, na nyasi ni zangu. Nilikionea huruma kiboksi cha gari, nikakifunika kama mtoto mchanga. Kikashikwa na joto, kikawa kinakula kwa ncha ya ulimi. Ndiyo sababu gari lilikufa mlimani. Mwanangu amekutukana kwa kosa la mama yake, na mama yake alijua akanyamaza."

Senene wakawa wanaruka ruka kwenye sinia.

"Wewe?" akasema. "Wewe uliyeapa mbele ya kanisa zima utalitia moto?"

"Mimi."

"Ukalitandikia."

"Nikalitandikia."

"Nyasi gani?"

"Zile laini."

"Nyasi za wakwe?"

Nikaitikia kwa kichwa. Alianza kucheka puani, halafu mabegani, halafu sinia likaanguka na senene wakaenda walikotaka. Alicheka mpaka akaketi juu ya kinu. "Amelipokea kama mkwe. Waitu, amelipokea kama mkwe."

Projest hakucheka.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumapili ile."

"Siku nane."

"Saba. Naandika tarehe."

Akautazama mlango wa Anonciata kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. "Jumapili ile ile jioni nilimwambia Benadeta asifungashe vitu," akasema. "Nilimwambia nyumba haiwezi kulilisha gari, hatuwezi kulazimisha. Watoto walilia kwenye simu. Wewe ulikuwa jikoni unapika."

Nimezaa watoto sita, nimezika wawili na baba yao, na sijawahi kutafuta mahali pa kuweka mikono yangu kama pale.

Halafu akainama mbele ya Anonciata. "Nisamehe, mama. Senene si panzi."

"Hilo hata mtoto anajua," Anonciata akasema, akaingia ndani, akatoka na bakuli. Hakunipa mimi. Alimpa Projest, akamwambia, "Mpe mama yako, anapenda miguu iliyoungua."

Kurudi alitangulia, bakuli mkononi. Mgongo wake ni wa baba yake kabisa. Hakugeuka.

Jumatatu, 18 Novemba

64.

Nilikaa jikoni asubuhi yote bila kuwasha moto. Niliangalia nguzo. Moja imeliwa na mchwa kwa ndani, ukiipiga inalia kama ngoma, nami kwa miaka minne nimekuwa naipaka majivu ili Projest na ndugu zake wasiione. Nilimuuliza marehemu. Hakujibu, lakini hata alipokuwa hai jambo ambalo jibu lake nalijua hakuwa ananijibu.

Nikampigia Aimable, nikamwambia alete waya mnene. Halafu nikampigia Benadeta mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fungasha."

"Baba Mwesiga amesema..."

"Huyo baba Mwesiga, mwanangu, amesema alichosema kwa sababu yangu. Mimi nasema fungasha. Na watoto uwavalishe viatu vya matope."

Alhamisi, 21 Novemba

63.

Jiko limekwenda. Ilichukua asubuhi moja, na kulijenga kulichukua miezi miwili. Anonciata alikuja na binti zake kubeba vyungu, akajifanya anaangalia kama nalia. Sikulia. Moshi wa miaka yote ile ulitoka kwenye paa kama vumbi jeusi, ukaniingia machoni, na hilo si kulia.

Nguzo mbili nzima nimemwambia Projest azibakize, zimeshika paa jipya la banda la gari. Mafiga matatu nimeyahamisha mwenyewe, yupo mtu aliyetaka kunisaidia nikamkatalia. Sasa yako chini ya mparachichi karibu na uzio, na mabati mawili juu.

Projest alipokuwa anazichagua nguzo akaona ile ya mchwa. Akaigonga. Akaniangalia. "Na hii nayo ulinificha?"

"Hiyo nilimficha kila mtu."

Ndipo akacheka, kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Ijumaa, 22 Novemba

61. Aimable ameweka waya. Mnene kama kidole gumba, urefu wake hatua nne. Nimeushika. Baridi.

Jumamosi, 23 Novemba

93.

Nilikwenda mara mbili kuangalia, nikidhani usingizi umenidanganya. Ametumia kiboksi kingine, cha Aimable, namba kumi na sita, na bado limekula saa chache kuliko zamani. Uniti ishirini sasa zinaleta arobaini na sita. Nimehesabu punje. Konokono watafute joto kwingine.

Jumanne, 26 Novemba

94. Napika nje kama mtu aliye safarini. Upepo unaupeleka moshi kwa Anonciata, naye ananipigia kelele. Vizuri.

Jumatano, 4 Desemba

95.

Alhamisi, 12 Desemba

66.

Umeme ulikatika jana mchana. Mvua ya mawe. Ulirudi saa nane usiku, Projest amekaa sebuleni amevaa kabisa. Zamani tungekuwa tumekwisha, ingekuwa ya tatu. Lakini sasa gari hurudi na akiba tumboni, na kwa waya ule mnene saa chache zilitosha. Aliondoka kwa wakati wake. Saa moja asubuhi akapiga simu kutoka Mabira, "Mama, wanaushika mkate, bado una joto."

Nikamwambia hata ukiwa na joto ni pamba.

Ijumaa, 20 Desemba

94. Mansoor amekuja mwenyewe, na kanzu yake nyeupe, akiruka matope. Alizunguka banda akashika nguzo nyeusi. "Mama Projest, hii ni mbao gani nzuri hivi?"

"Moshi."

Amesema kazi ni ya Projest mwakani kote, na maduka ya mkate Mabira yameongezeka matatu. Nilimpa kahawa. Alinisifu maneno matamu saba, nikahesabu. Hakupata la nane kwa sababu nilimwambia anywe, inapoa.

Jumatatu, 23 Desemba

96.

Projest amewaleta kutoka stendi ya Omurushaka. Walishuka kwenye gari wakiwa wamelala nusu, yule mkubwa Mwesiga na mdogo wake Kemirembe, na kitu cha kwanza nilichotazama ni miguu. Kemirembe ana vidole vya babu yake, kile cha pili kimepita kidole gumba. Nilivishika vyote kumi kimoja kimoja mpaka akavuta mguu akasema bibi ananitekenya.

Benadeta alitafuta jiko ili anisaidie. Nikamwonyesha mparachichi. Akachukua kisu akaketi kumenya ndizi.

Nyasi laini nimezitandaza sebuleni pote, mizigo mitano, watoto wanaziviringikia. Bandani hakuna hata jani moja. Projest amekitundika kiboksi juu nguzoni, kwenye msumari ambao miaka hamsini nilining'iniza upawa wangu, hewa inakipiga pande zote. Kemirembe alisimama chini yake, kidole mdomoni.

"Bibi, hiki nini?"

"Upawa wa baba yako. Anapakulia gari."

"Limeshiba?"

Nikamnyanyua aguse. Kilikuwa baridi kama pua ya mbuzi.